Mchanga kwenye nyumba ya magurudumu

Nyumbani wananiita bubu, maana mbele ya wageni sauti yangu hupotea. Likizo iliyopita nilisema mara moja tu, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Baba alikuwa zamu, yaani mlinzi, wa muzungu mpima barabara. Muzungu akipanda milimani Fizi, baba alibaki kwetu Baraka, kando ya ziwa, kulinda nyumba yake ya magurudumu, ile ya kuvutwa na gari. Ilikuwa ya alumini tupu, iliyong'aa hata ukaona meno yako ndani yake. Zamu aliyetangulia alifukuzwa kwa kuvunja kioo kimoja. Kwa hiyo baba aliipangusa kwa kitambaa laini tu, ufunguo ukining'inia shingoni.

Asubuhi muzungu alipotazamiwa kurudi, baba aliamka na homa. Nyumba ile ilikuwa imejaa vumbi. Sikuuliza mtu. Kwetu alumini ni sufuria, na sufuria inasuguliwa kwa mchanga wa ziwa. Nikajaza ndoo.

Bamama waliotoka kuteka maji walisimama wakicheka. "We mutoto, sufuria hii inapikia kijiji gani?"

Niliinama, nikazidi kusugua. Nilipoimwagia maji ndipo nikaona: upande wote wa mlango umefifia, mikwaruzo mitupu. Meno yangu hayakuonekana tena.

Baba akaja amejifunika blanketi. Hakupiga kelele. "Jifiche nyuma. Akiuliza, ni mi nilisugua. We hauko hapa."

Mara gari likafika. Muzungu akazunguka, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Nani?"

"Ni mi, bwana."

"Siku zote kitambaa, leo mchanga?"

Baba akajivutia blanketi mabegani, jasho la homa likimtiririka. Nilidhani ni homa tu ndiyo ya kumwokoa, na hakuna wa kuitaja ila mimi. Nikatoka, mikono bado na mchanga.

"Ni mimi, bwana. Baba iko na homa. Kwetu sufuria tunasugua hivi."

Muzungu hakunitazama. Alimtazama baba. "Mikwaruzo nitaizoea. Zamu muongo, hapana." Akanyoosha mkono.

Baba akavua ufunguo shingoni.

Njiani sikuthubutu kumtangulia wala kubaki nyuma. Tulipofika kwenye mihogo yetu akasema, bila hasira, "Siku ingine, baba yako akisha kusema, we nyamaza."

Niliitika kwa kichwa tu.