Ng'ombe wa Mawe

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata chenji ninayorudishiwa na mtu wa kanisani kwetu. Sasa fikiria hali yangu: binti yangu amefika umri wa kuanza darasa la kwanza, na hataki kutamka hata moja, mbili, tatu.

Wakati huo nilikuwa nauza vitunguu swaumu vya Bashay kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la ngano la serikali, Hanang. Mtoto tulikuwa tumemchukua kijijini Dirma, alikolelewa na bibi yake mzaa mama, watu wa mifugo. Tukampeleka chekechea ya kambini, ndani ya stoo ya zamani ya magunia.

Mwalimu wake alikuwa mama mtu mzima, mpole kupita kiasi kwa maoni yangu. Alipanga vitu kwenye rafu za chini ili mtoto avifikie mwenyewe: mawe, vizibo vya soda, magunzi, makopo ya kupimia ngano. Kila mmoja alichagua cha kufanya. Mwalimu alikaa kwenye kigoda akiangalia, akimsogelea anayemhitaji tu. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sawa na kufungua duka na kutouza.

Binti yangu alichagua mawe. Asubuhi aliyatoa kwenye boma la magunzi, akayachunga chini ya dirisha, halafu akayarudisha.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa na nafasi chache, na mtihani wake ulijulikana: mtoto ahesabu mpaka kumi. Akishindwa, asubiri mwaka mzima. Bibi yake alishatuma ujumbe kwamba kama shule haimtaki, kuna ndama wanaomtaka. Nilijua akirudi Dirma hatoki tena. Usingizi ukapaa.

Nikaenda kwa mwalimu, nikamwamkia, tukaanza kuvutana. Niliomba amkalishe mtoto chini, amkaririshe mpaka kumi. Alipokataa nikashuka mpaka tano. Akaniuliza kama nimewahi kumwuliza mtoto yale mawe ni nini.

Nikamwuliza mtoto. Akanitazama kwa huruma. "Ng'ombe, baba."

Hapo nikaelewa. Kwa bibi yake ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Kuwahesabu ni kuwaitia maafa. Wanajulikana kwa rangi na pembe. Nikamsihi mwalimu amwambie kwamba yale ni mawe.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi siwezi kumuulia ng'ombe wake."

Nikamwambia mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, nami nikadhani tumekubaliana bei. Siku ya mtihani nikayabeba mawe yale mfukoni, nikiamini mtu huhesabu mali yake kwa moyo zaidi.

Mwalimu mkuu alitukuta darasani, mimi, mtoto na mwalimu wa chekechea, tumeshayamwaga mezani. Akamwamuru mtoto ahesabu. Mtoto akayatenga: mekundu huku, ya mabaka kule, bila kutaja namba. Mwalimu mkuu akavuta moja na kusema, "Hili ni moja." Mtoto akalirudisha kwa wenzake. Mwalimu mkuu akafunika kalamu yake. Nikaanza kujieleza, mwalimu wa chekechea akanishika mkono wa koti.

"Baba, nyamaza. Mwalimu mkuu, naomba umpe muda kidogo."

Mtoto alipomaliza kupanga mifugo yake aliteremka kwenye kiti, akaenda dirishani. Akaligusa. "Moja." Akagusa la pili. Madirisha yakaisha, yakiwemo yasiyo na vioo, akaendelea na milango, kisha madawati. Kumi ikapita kama haina kazi.

Nikamnong'oneza mwalimu, kajifunzia wapi?

"Vizibo anahesabu kila siku. Wewe uliuliza mawe tu."

Kwenye kumi na tatu akakwama. Nikafungua mdomo, mwalimu akanikata jicho, nikaufunga. Hakuna aliyemsaidia. Alisimama, akakunja uso, akarudi mwenyewe dirisha la kwanza na kuanza upya.

Mwalimu mkuu akafunua kalamu, akaandika jina la mtoto kwenye orodha ya darasa la kwanza. Nikainama juu ya meza nikalisoma jina kichwa chini miguu juu, kisha nikalisoma tena. Binti yangu hakugeuka. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia safu ya nyuma ya madawati.