Mafuta Tunatoa, Miti Hatutoi

Kuna Jumapili moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia kwenye simu ukimwahidi mhubiri fulani mavuno yako ya kwanza. Kaa hapa. Chakula kitasubiri.

Nilikuwa bado kijana. Mimi na baba yako tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na babu yako akatupokea kwenye shamba hili la michikichi, juu kidogo ya Rumonge ukielekea Bugarama. Yeye hakukimbia. Alibaki akalinda miti aliyopanda baba yake. Hatukuwa na kitu kingine chochote. Mawese ya hapa ndiyo yaliyonunua chumvi, sabuni, dawa ya malaria na madaftari yenu.

Mwaka huo alikuja mhubiri mgeni, watu wakamwita Mtumishi. Suti safi, sauti ya kubembeleza. Na mimi unanijua, mtu akinibembeleza nashika mfuko wangu kwanza. Alifundisha kwamba anayetaka jambo kubwa kwa Mungu amwekee nadhiri kitu kikubwa, na huku kwetu kitu kikubwa ni mavuno. Unajua mtu mwenye shida anavyomwuzia mfanyabiashara ngazi, haya mashada ya chikichi, zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Mtumishi alituomba tufanye vilevile, ila bila bei yoyote. Tumwachie msimu mzima, mbele ya mashahidi aliokuja nao mwenyewe, na kazi ya Mungu ndiyo ingevuna.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anataka basi dogo la kubeba abiria kati ya Bujumbura na Nyanza-Lac. Alilitaka mpaka akawa analiota. Mtumishi akamwambia ameliona basi hilo katika maono, hata rangi yake. Niliuliza ni rangi gani. Baba yako alinikasirikia siku nzima.

Basi Jumapili hiyo, baada ya ibada, Mtumishi akaja kuliombea shamba. Tukasimama kati ya miti, vichwa chini. Mimi nikafungua macho. Mama yangu angenichapa, lakini nilifungua. Nikamwona Mtumishi naye macho wazi, anaangalia juu, anatoka mti huu anaenda mti ule, midomo ikisali huku macho yakipima mashada. Alipomaliza kwa amina, akanisogelea kwa upole.

"Mama, iyi njia ya huku nyuma, kamyo inaweza kupita wakati wa mvua?"

Nikamjibu kwamba inapita. Moyoni nikajiuliza tangu lini maono yanahitaji barabara ya lori.

Nilimkuta babu yako akisafisha pipa la kuchemshia ngazi, nikamweleza yote. Aliendelea kusugua pipa lake. Nilidhani naye amerogwa na ile suti. Kesho yake Mtumishi alipokuja na mashahidi wake, babu yako akaleta kiti chake, akakaa katikati yao na baba yako. Akamkaribisha mgeni vizuri, akamshukuru kwa sala. Kisha akasema kwamba nyumba hii itatoa kwa Bwana kama ilivyotoa siku zote, bidoni ya kwanza, dumu zima la mafuta, baada ya kukamua, ikipelekwa kanisani mbele ya wote. Mafuta tunatoa, miti hatutoi.

Mtumishi akatabasamu kidogo, akasema kwamba Bwana hapokei mabaki, na kwamba mzee asimzuie kijana kubarikiwa.  Babu yako alimgeukia baba yako.

"Yoweli, kama Mungu hakupe motokari, iyi miti utamupa bado?"

Baba yako akatazama miti, kisha akatazama miguu yake. 

"Basi iyo haiko sadaka," babu yako akasema. "Uko unamununua Mungu. Na unamununua na chakula ya batoto."

Baba yako aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa mtu mwema aliyechoka kutembea kwa miguu. Mtumishi aliaga kwa haraka. Hatukumwona tena hapa kwetu, lakini kwa jirani yetu Salvatori alifika.

Salvatori alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na mtoto wake mmoja alikuwa mgonjwa sana. Alitoa mavuno ya shamba zima. Wiki haikuisha, kamyo ikaja na vijana tusiowajua, wakapanda miti yake wakakata kila shada, hata yale mabichi yasiyokamulika. Kumbe Mtumishi alikuwa ameshauza ngazi hizo kwa tajiri mmoja na ameshaondoka. Salvatori alisimama pale mikono nyuma, anaangalia. Mtoto alifariki kabla ya kiangazi. Watoto wengine waliacha shule. Na Salvatori, aliyekuwa anatuongozea nyimbo kanisani, hajaingia kanisani tangu siku ile. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko mawese.

Tulipokamua yetu, nilisema kwa sauti kwamba mimi sipeleki tena bidoni mahali popote. Wote ni wezi. Babu yako akaniita, akaniambia taratibu: "Umeona mwizi mumoja. Sasa unataka kunyima Mungu, na Salvatori naye?" Niliona aibu, mwanangu. Akanitwisha bidoni mbili. Ya kwanza nikaipeleka kanisani, ya pili nikaiweka mlangoni kwa Salvatori. Hakunishukuru, hakuniangalia. Aliingiza ndani tu. Nimefanya hivyo kila msimu tangu wakati huo.

Kwa hiyo sikiliza. Shuku, ndiyo. Anayekuharakisha utoe, mshuku. Anayekutajia utakachopata kabla hujatoa, mshuku zaidi. Na ukimaliza kumshuku yeye, jishuku mwenyewe, ujiulize ungetoa kama hurudishiwi kitu. Toa kilichokwisha kuiva, mchana, watu wakiona. Usitoe kinachowalisha watoto, maana na hao ni mali ya Mungu uliyopewa uitunze. Lakini kushuku kusikufunge mkono. Mtu anayeshuku tu bila kutoa ameibiwa tayari, ila hajui.

Mungu wa babu yako akupe mavuno na akupe akili ya kuyashika. Akulinde na waongo, akulinde na tamaa yako. Mikono yako isikauke kwa kutoa wala kwa kunyima. Sasa nenda kale, halafu upumzike. Kesho tunakamua, na mimi magoti yangu yamekataa kupanda njia ya Salvatori. Bidoni yake utaibeba wewe. Asipokuangalia, usikasirike. Weka chini, mtakie amani, mwambie amahoro, urudi nyumbani.