Siku Niliposema Sikuona

Mwanangu, upo mchana mmoja wa ujana wangu ambao nimejaribu kuusahau ukanishinda. Nilikuwa muuguzi mpya, sista kama tulivyoitwa, kwenye chumba cha upasuaji, katika hospitali moja hapa Kampala, natoka Kyebando kila asubuhi na sare iliyopigwa pasi. Alikuwepo Daktari Apio, mwanamke pekee aliyekuwa anajifunza upasuaji. Kwa miaka miwili mkuu wetu wa upasuaji alimpa kazi ya kushikilia kingo za kidonda, wenzake wa kiume wakate na washone. "Wewe utaolewa, utazaa," alimwambia mbele yetu. "Nikufundishe ili iweje?" Tulicheka. Na mimi nilicheka.

Siku hiyo aliletwa mwendesha boda aliyegongwa na lori, wengu limepasuka, tumbo limejaa damu. Mkuu alikuwa mazishini Naguru, hapatikani. Daktari Okot, mwenzake Apio, alisema tumsubiri. Apio akanawa mikono. "Sista, nipe kisu." Nikampa. Okot ndiye aliyeshikilia kingo siku hiyo. Yule mgonjwa alipona.

Kesho yake mkutanoni, Okot alisimama akasema aliyepasua ni yeye, Apio alimsaidia. Apio hakubishana naye.

"Sista alikuwepo," alisema. "Muulizeni."

Mkuu akanigeukia. Mwanangu, nilikuwa na watoto wawili, na kazi yangu ilikuwa mikononi mwake. Nikasema, "Sikuona vizuri. Nilikuwa nahesabu vifaa."

Apio aliniangalia kidogo, kisha akaangalia chini. Mwezi haukuisha, akaacha upasuaji, akaenda kufundisha. Okot akawa mkubwa, wakuu wakimsifu kwa ujasiri wa siku ile.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Apio huko Nsambya, nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, Sista," alisema. "Lakini kazi yangu hakuna aliyenirudishia."

Sasa nasikia umechaguliwa, binti yangu, kusomea upasuaji. Maneno wanayoambiwa wanawake ni yale yale, ila siku hizi husemwa kwa tabasamu. Ukimaliza kazi, andika jina lako kwenye faili kwa mkono wako, usimwachie mtu. Wakimcheka mwenzako, usicheke ili wakupende. Na ukiulizwa ulichokiona, kiseme, hata kama sauti inatetemeka. Mimi niliogopa dakika moja, mwenzangu akalipa kwa maisha yake yote.

Mungu akuzeeshe katika kazi uliyoichagua, na akupe mashahidi bora kuliko mimi.