Filamu za Watu wa Udongo

Novemba 1997 nilifiwa na mume wangu, nikakaa eda nyumbani Garsen. Mdogo wake akaniletea televisheni na video, eti nisiwaze. Filamu zilikuwa za ajabu: watu wa udongo wakitembea bila kushikwa na mtu.

"Mbona sauti kubwa hivi, shemeji?"

"Hao wa udongo ni viziwi, shemeji. Tazama tu."

Lakini yeye alitazama dirisha, nami nikamtilia shaka. Alasiri moja alipotoka, nilizima video. Nikasikia kengele ya ng'ombe anayeongoza kundi la marehemu. Ilielekea njia ya mnadani: shemeji alikuwa akiliswaga kwenda kuliuza. Eda haikuniruhusu kutoka. Nilisimama mlangoni nikamwita ng'ombe yule kwa jina, kama mume wangu alivyokuwa akimwita kila jioni. Kengele ikanyamaza, kisha ikaanza kurudi.