Biskuti za Lozi kwa Moto wa Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wageni kule Rau, Mpishi Mkuu aliniambia, "Leo chai ya saa kumi tunatoa makaroni." Nikabandika sufuria kubwa ya maji, nikatia chumvi. Aliporudi akayakuta yanatokota, alicheka hadi akaegemea meza.

"Binti, hayo ni ya tambi! Makaroni ya Wafaransa ni biskuti za lozi."

Ndivyo nilivyoingia kwenye uokaji. Vitu vyenyewe ni vitatu tu: lozi, sukari na ute, yaani ile sehemu nyeupe ya yai. Lozi unazimwagia maji ya moto ili ganda litoke, unazikausha, unazitwanga pamoja na sukari. Ukizitwanga peke yake zinatoa mafuta. Ute unatiwa kidogo kidogo. "Usiupige, koroga tu," alisema yule mpishi mzee. "Unga ukishika kijiko bila kudondoka, acha." Biskuti ikiiva inapasuka uso kama udongo wa kiangazi, ndani inabaki laini.

Mama mkwe wangu hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. "Mama Eliasi, migomba inakusubiri, wewe unawaokea watu baki vitamutamu," alikuwa akisema.

Mzee alipostaafu nikaachiwa oveni. Asubuhi moja Meneja, mama asiyerudia neno, akaniita. "Kuna wazee wawili wa Ufaransa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Saa kumi nataka trei tatu. Nimeshawaahidi."

Saa sita, unga uko tayari, umeme ukakatika. Saa saba haujarudi. Nikafunika bakuli la unga, nikalipakata, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Shirimatunda, kwenye jiko la mkaa.

Nilimwaga mchanga ndani ya sufuria, nikaweka biskuti juu yake kwenye sahani ya bati, nikafunika. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Za kwanza zikaungua kabisa. Machozi yakanilenga. Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi za supu ya mtori, akaweka kisu chini.

"Moto wako una haraka. Wewe shika unga, moto niachie mimi."

Akapunguza makaa ya chini, akatandaza ya juu, akasogeza pua karibu na mfuniko. "Bado," akasema. Kisha, "Sasa!" Nikafunua. Zilikuwa na rangi ya asali, zimepasuka vizuri. Tuliendelea hivyo hadi unga ukaisha. Alionja moja. Akachukua ya pili.

Nilifika Rau dakika tano kabla ya saa kumi. Yule bibi wa Kifaransa alitafuna, akamshika mumewe mkono, wakaanza kucheka kama watoto.

"Kumbe umeme umerudi?" Meneja akaninong'oneza.

"Bado, mama."

Nilistaafu mwaka jana. Siku ya kuagwa, mama mkwe alisimama na mkongojo wake bila kuitwa. "Mimi nilimwambia aache kazi hii," aliwaambia watu. "Namshukuru Mungu ni mkaidi." Ukumbi mzima ukalipuka kwa vicheko, nami nikalia kwa furaha.

Ninyi mnaoanza leo mna mizani na oveni zinazojizima zenyewe, zitumieni. Mimi Jumamosi naoka uani, kwa mkaa. Anayetaka kujifunza anakaribishwa, ila asiguse makaa. Yana mwenyewe.