Tangi la Kitisuru na Tumbo la Mke Wangu

Mimi kazi yangu ni mavi. Nalisema mapema ili anayetaka kuziba pua azibe, tuendelee. Nina lori la kunyonya matangi ya vyoo, na kabla ya lori nilikuwa na ndoo na kamba. Kule Karen na Kitisuru, mitaa ya matajiri, majumba mengi hayajaunganishwa na mabomba ya maji taka ya jiji. Kila nyumba ina tangi lake limezikwa chini ya nyasi, na likijaa, hata mwenye nyumba awe mkubwa namna gani, ananipigia simu mimi niliyeacha shule darasa la tatu huko kwetu magharibi. Lori ndilo lililojenga nyumba yangu ya Waithaka na vyumba vya wapangaji nyuma yake, na ndilo lililomsomesha binti yangu mpaka akapata ofisi katikati ya mji. Watoto wa mtaa wakiliona wanapiga kelele, "Gari la mavi!" Nami nawapigia honi.

Kama kuna kitu ninachokijua vizuri ni tangi. Tangi ni kitu hai. Ndani mna wadudu wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaoula uchafu mpaka ukayeyuka na maji yakashuka ardhini. Tangi zima halinuki vile watu wanavyodhani. Lina harufu nzito, kama udongo wa kando ya mto. Lililokufa ndilo linalonuka mayai viza. Hata nikimaliza kunyonya, huwa sikaushi kabisa. Naacha tope kidogo chini liwe mbegu, wadudu waanze upya.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mama mmoja wa Kitisuru aliniita tena hata kabla majani hayajaota pale tulipochimba mara ya kwanza kukifikia kifuniko.

"Mzee, juzi ulininyonyea hewa? Tangi limejaa!"

Nilifunua kifuniko, nikanusa, nikafunika.

"Madam, unamwaga nini chooni?"

"Dawa tu. Ile kali, ya kuua viini vyote. Asubuhi na jioni. Mimi napenda usafi."

"Basi umeua kweli. Umeua mpaka walinzi wako."

"Walinzi gani?"

"Wa humu ndani. Hakuna aliyebaki wa kula. Uchafu umekaa vile ulivyoingia. Ukiendelea hivi utakuwa unalisha familia yangu, na mimi sitakataa."

Alicheka, lakini uso wake haukucheka. "Kwa hivyo niache choo kichafu?"

"Osha na sabuni. Wacha kupiga vita watu wanaokufanyia kazi bure."

Nilirudi nyumbani nikijiona profesa. Nilimsimulia mke wangu kisa chote, nikaigiza sauti ya yule mama, nikaigiza nilivyofunika kifuniko. Mke wangu alicheka ameshika tumbo. Mimi nilifikiri ameshika tumbo kwa sababu ya kicheko.

Hiyo ndiyo wiki niliyokuwa nikimpa kapsuli.

Sasa hapa lazima nieleze, na sielezi ili nionewe huruma. Mimi naamini dawa kali, au niliamini. Nilikulia mahali ambapo mtoto akiugua alipewa majani na maombi, akipona amepona. Siku niliyoweza kuingia kwa kemisti, nikanyoosha kidole na kusema nipe ile, bila kuomba mtu ruhusa, nilijua nimevuka. Mtu akikohoa nyumbani kwangu alipata kapsuli. Mpangaji akiumwa jino, alipata kapsuli. Mimi mwenyewe nilimeza nikihisi mafua yananukia kwa mbali.

Kijana wa kemisti pale stejini kwetu, matatu zinaposimama, alinizoea.

"Mzee wa lori! Leo nani mgonjwa?"

"Mama. Kikohozi. Nipe zile za nguvu."

"Daktari ameandika?"

"Mimi ndiye daktari wake tangu wewe hujazaliwa. Leta."

Akaleta. Kikohozi kikaisha. Halafu mke wangu akaanza kuchomwa na mkojo, nikamletea nyingine. Halafu tumbo likaanza kuharisha, nikasema huo ni uchafu wa sokoni, nikamletea za tatu, kubwa kuliko zote. Aliziweka mkononi akazitazama.

"Mzee, hizi dawa zinanimaliza."

"Zinamaliza ugonjwa. Meza."

Akameza. Nilisimama pale mpaka nikaona koo limepanda na kushuka.

Na kuna jambo lingine ambalo huenda halihusiani, lakini halinitoki. Mke wangu alikuwa na ndoo yake jikoni ya kuchachusha uji, unga wa mtama na wimbi, kama mama yake alivyofanya. Ulikuwa na harufu kali. Siku moja, miaka michache nyuma, nimerudi kutoka Karen nimechoka, nilimwambia, "Mchana kutwa nanusa uozo wa matajiri, na jioni ninuse wako?" Alibeba ndoo akaenda kuimwaga nje. Tangu hapo kwetu tulikunywa chai na mkate mweupe kama watu waliofika.

Jumapili moja binti yetu alikuja kututembelea akamkuta mamake ameketi chooni, hawezi kuinuka, macho yameingia ndani. Akanitazama. "Baba, hii imeanza lini?" Nikasema juzi. Haikuwa juzi. Tulimbeba hadi kwenye gari la binti, tukashuka naye hospitali moja upande wa mjini, na njia nzima mke wangu alikuwa anaomba radhi kwa sababu ya viti.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Alimwekea mke wangu maji ya mishipani, akapima, akauliza mambo mengi. Kisha akaniuliza mimi, "Mzee, Mama ametumia dawa gani hizi wiki zilizopita?"

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya kitanda. Krismasi iliyotangulia tulikuwa tumegombana, mimi na yeye. Alikuwa amefungua kabati langu, akakuta kapsuli zimejaa, akaniambia, "Baba, unanunua antibaiotiki kama peremende. Utamdhuru mtu." Nami niliapa mbele ya ndugu zake kwamba nimeacha.

"Za maumivu tu," nilimwambia daktari.

Daktari akainama kitandani. "Mama, ni kweli? Za maumivu tu?"

Mke wangu alinitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe. Kisha akasema, "Ni kweli. Za maumivu tu."

Basi wakatafuta chanzo kwingine. Wakapima taifodi, wakapima amiba, wakauliza kuhusu maji ya kunywa na nyama ya kuchoma. Mimi nilijibu kila swali vizuri sana. Mke wangu akazidi kukonda mbele yangu, homa ikapanda, tumbo likavimba na kukazana kama ngoma. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikajiambia kwamba kapsuli haziwezi kuwa shida, kapsuli ni dawa. Lakini kama haziwezi kuwa shida, kwa nini sizitaji? Hilo swali lilikuwa linanijia kila nesi akipita, nami nililisukuma, likarudi.

Siku moja asubuhi daktari alirudi, akavuta kiti akaketi. Akaongea na binti yangu, mimi nasikiliza.

"Nauliza tena kwa sababu dalili hizi hazikai sawa. Tumboni kuna wadudu wengi sana, na wengi ni wazuri. Wanasaga chakula, wanawanyima wabaya nafasi. Hata askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa, wengi wamepiga kambi kwenye utumbo, na hao wadudu ndio wanaowazoesha kazi, wajue nani adui na nani mwenyeji. Sasa mtu akitumia antibaiotiki nyingi, zinafagia wote. Pakibaki patupu, kuna mmoja sugu anaota peke yake na kutoa sumu. Huyo hatumpimi kwa kila mtu anayeharisha. Tunampima tukisikia kulikuwa na antibaiotiki. Lakini Mama hakutumia."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa naona kifuniko cha Kitisuru. Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe: umeua mpaka walinzi wako.

"Tangi," nikasema.

"Unasema nini, Mzee?"

"Nimeua tangi. Alitumia. Mimi nilimpa. Aina tatu, moja nyuma ya nyingine, na hakuna daktari aliyeandika. Mpimeni huyo mdudu."

Daktari hakunigombeza. Aliinuka upesi akaenda. Hilo lilinichoma kuliko matusi, kwa sababu nilielewa kwamba alikuwa anakimbizana na muda nilioupoteza mimi.

Binti yangu alisema, "Baba." Halafu akanigeukia. "Ulikaa hapo siku zote hizi. Ukamtazama. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu nilikuambia Krismasi?"

Kitandani mke wangu alisema, macho yamefumba, "Usimfokee baba yako. Hata mimi nilinyamaza."

Alikuwa ni yule yule mdudu. Walimpa dawa ya kumeza, nami nikamuuliza daktari kama mjinga, "Antibaiotiki tena?"

"Ndiyo, Mzee. Lakini hii inamwinda huyo zaidi, haina ubabe wa zile zako. Na antibaiotiki si adui. Mtu akiwa na ugonjwa wake na zikaandikwa vizuri, zinaokoa. Shida ni kuzimwaga kila siku."

"Kama dawa ya choo."

"Kama dawa ya choo," akasema, na nafikiri hakujua nilimaanisha nini. Nikamuuliza pia kama mtu anaweza kupandwa mbegu, kuchukua wadudu wa tumbo zima na kumtilia aliyeishiwa, kama tunavyofanya sisi. Alinitazama upya. Akasema hilo lipo, kuna mahali hufanywa, lakini kwa vipimo vingi na kwa wagonjwa maalumu. "Na wewe usijaribu nyumbani, tafadhali. Nakuona usoni." Huo ndio wakati pekee mke wangu alicheka pale hospitali.

Alipata nafuu akarudi nyumbani. Daktari alituambia huyo mdudu ana mbegu ngumu, kwamba mikono ioshwe kwa sabuni na maji, na choo kisafishwe kwa dawa kali, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, mpaka atulie kabisa. Basi nikaosha choo mimi mwenyewe kila asubuhi, sikumwachia mtu, na nikawa navuta maji nikijua yanakokwenda. Tangi langu la Waithaka, nililolichimba kwa mikono yangu, nikaliua nikiwa macho. Baada ya muda lilianza kunuka mayai viza na wapangaji wakaanza kunong'ona. Mmoja alinidhihaki mlangoni, "Landlord, kinyozi amekosa kunyolewa?" Hapo zamani ningemtoa.

Jioni moja, mke wangu ameketi kwenye ngazi amejifunika leso, nilimuuliza.

"Kwa nini ulimwambia daktari vile?"

"Wewe ulikuwa umeshasema."

"Ungekufa, Mama."

"Ningefanya nini? Nimwambie mtoto kwamba baba yake ni muongo, na yeye amesimama hapo?"

"Na kapsuli? Ulijua zinakumaliza. Kwa nini ulimeza?"

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Mimi nimekusikia miaka yote ukigombeza watu na matangi yao. Usimwage hiki, usimwage kile, kuna wadudu wanafanya kazi. Nikasema, huyu anajua. Kama ingekuwa mbaya, huyu angejua."

Niliinuka nikaenda kusimama karibu na lori.

Bado hajarudi alivyokuwa. Mafua yakipita mtaani, yeye ndiye wa kwanza kulala na wa mwisho kuamka. Daktari anasema tumbo linajijenga polepole na hawezi kuahidi ni lini. Nilinunua ndoo mpya, nikamletea unga wa mtama na wimbi, nikamwomba anionyeshe. Daktari alisema uji huo ni chakula kizuri, si tiba, na nimemsikia. Sikuununua kama tiba. Mara ya kwanza niliutia maji mengi ukaoza badala ya kuchachuka. Mke wangu alionja, akatema, akasema hata kwa mavi kuna fundi na kuna fundi. Sasa naujua. Nyumba inanuka uji kuanzia mlangoni, na sijasema kitu.

Daktari aliporuhusu tuache dawa ya choo, nilileta ndoo ya tope kutoka tangi zima la Karen nikalimwagia langu. Kila jioni nafunua kifuniko. Mke wangu huniona kutoka kwenye ngazi.

Jana aliniuliza, "Limerudi?"

Niliinama, nikanusa. "Bado."

"Na mimi bado," akasema. "Funika, uje ule."

Nikafunika.