Mpangaji Asiye na Kwao

Mtu akiniuliza namna ya kuishi na wapangaji, namwambia achimbe vyoo viwili, na kabla hajamkabidhi mtu ufunguo amuulize kwao ni wapi. Aulize mpaka ajue na kitongoji. Wengi hudhani nahofia mpangaji kutoroka na kodi. Kodi ni jambo dogo. Mpangaji akitoroka, utanung'unika mpaka msimu wa kahawa, kisha utasahau.

Vyumba vyangu vilikuwa vinne, vya matofali ya kuchoma na bati, pale Nyakahanga, kando ya njia iendayo hospitali. Mume wangu alifariki miaka michache baada ya vita vya Amin. Kibanja alichoniachia, migomba na kahawa, kilikuwa cha ukoo wao. Mimi nilikaa humo kwa sababu ya watoto. Nilitaka kitu cha kwangu. Nikauza kahawa, nikakamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kuuza, nikanunua kiwanja kile na kujenga kidogo kidogo.

Chumba cha kwanza alipanga muuguzi, mwanamke mpole wa Bukoba. Cha pili fundi cherehani na mkewe. Cha tatu niliwapa kijana mpakiaji mizigo kwenye malori, mtu wa Muleba, na mke wake. Huyo mke wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye akazaliwa hukuhuku, upande wa Kyerwa. Alikuwa akipika uji na kuwauzia watu wanaouguza wagonjwa wao hospitali. Asubuhi kabla hajaondoka alifagia ua wote, hata mbele ya milango ya wenzake, ingawa hakuna aliyempangia zamu. Cha nne kilikuwa na watu wa kuja na kuondoka.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mume wa yule muuza uji akaanza kukonda. Wakati ule hatukuhitaji kuambiwa ni ugonjwa gani. Kila mlima ulikuwa na migomba iliyokosa mwenyewe wa kuipunguzia majani. Ndugu zake walikuja na gari wakamchukua, akafia kwao Muleba. Mke alikwenda kuzika. Alirudi na kanga aliyoivaa tu, akabaki na ndoo yake ya uji. Ndugu za mume walikuwa wamemwambia kwamba yeye ndiye aliyemuua.

Nikamwambia akae tu.

Haukupita muda fundi akaja kwangu kibanjani. Aliniamkia, akakaa, akakataa kahawa.

"Mama, nimekuja kwa habari ya choo," alisema. "Yule mama wa chumba cha tatu naye ameanza kuhara. Sisi tunatumia choo kimoja. Kamba ya kuanikia nguo ni moja."

"Muuguzi anasema ugonjwa huu hauambukizi kwa choo."

"Muuguzi ni msomi. Mimi nina mke." Aliangalia mikono yake. "Nyumba ni yako. Wewe ndiye wa kumwambia ahame."

"Ahamie wapi?"

Aliinuka akaaga. Mwisho wa mwezi alihama yeye, na cherehani yake kichwani mwa mkewe. Chumba cha nne nacho kikawa kitupu. Nilichimbisha choo cha pili, lakini hakikuwa na watu wa kukitumia.

Siku moja nilimkuta yule mama wa chumba cha tatu amekaa mlangoni anaota jua. Uji hakuupika tena, maana hakuna aliyekuwa akiununua. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Mama, mimi nikifa mtanizika wapi?"

Nilimwambia aache maneno hayo. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Kwetu mtu huzikwa katika kibanja chake, chini ya migomba yake. Mpangaji ana chumba, na chumba hakina ardhi.

Alinitajia mjomba wake, mfugaji, huko Kyerwa. Nilipanda lori la kahawa, nikashuka, nikatembea mpaka nikaonyeshwa mji wake. Humo nilikuta watu wengine. Mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi alinikaribisha kwa heshima akaniambia, "Waitu, huyo mzee alihama na ng'ombe wake. Sisi tumenunua kwa mtu aliyenunua kwake." Nilimuuliza alikoelekea. Alinyoosha mkono kuelekea mtoni, kisha akaushusha, kwa sababu hata yeye hakuwa na hakika.

Niliporudi sikumwambia kwamba sikumkuta mjomba. Nilimwambia ni mzima. Muuguzi, aliyekuwa akimwogesha kila jioni akitoka kazini, aliniangalia, akachukua beseni.

Yule mama alifariki asubuhi, mvua ikinyesha. Nilituma habari Muleba kwa dereva wa lori. Dereva alirudi akasema ameifikisha, wameisikia. Hawakuja. Nikapanda mlimani kwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, nikaomba nafasi ya kaburi pembeni ya kibanja, hata penye mawe.

Hakunikaripia. Angenikaripia ingekuwa afadhali.

"Shemeji," alisema, "mgeni ukimzika katika kibanja umempa kibanja. Kesho watakuja watu waseme, hapa amelala dada yetu. Sisi tukifa, nani atawajibu watoto wako?"

"Hana ndugu. Nimewatafuta."

"Akishazikwa watapatikana."

Nilijua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshazika wanawe wawili, na mahali pa kuzikia ndiyo ilikuwa mali pekee aliyobaki akiilinda.

Nilishuka. Kiwanja chenye hati ya jina langu kilikuwa kimoja tu. Tulimzika nyuma ya vyumba, kati ya choo kipya na ukuta. Wachimbaji niliwapa rubisi na chakula. Mwinjilisti alisoma, muuguzi akaimba, mimi nikaitikia nilipoweza. Majirani walisimama barabarani.

Muuguzi alihamishiwa kwingine kabla ya kiangazi. Tangu hapo sikupata mpangaji. Mwalimu mmoja kijana alikuja na godoro juu ya baiskeli, akapenda chumba cha kwanza, akaniambia atarudi na kitanda. Alikwenda dukani kununua kufuli, na huko dukani wakamweleza habari ya kaburi. Alirudi kuchukua godoro lake.

"Si kwamba naamini, mama," alisema. "Ila mama yangu akija kunitembelea, nitamwambia nini?"

Nilishusha kodi. Nikasema wakae bure mwezi wa kwanza. Watu walinipa shikamoo wakapita. Siku moja nilimkuta fundi sokoni, akaniuliza hali, nikamuuliza hali. Mkewe alikuwa ameanza kukohoa. 

Mabati ya chumba cha nne yaliibwa moja moja. Msimu mmoja nilihifadhi kahawa katika kile cha kwanza, maji yakapenya ukutani, kahawa yote ikaota ukungu, wanunuzi wakaikataa. Niliimwaga kwenye migomba. Mwaka uliofuata sikuweka kitu humo, wala sikupanda tena juu ya bati kwenda kuziba matundu.